Ukucha Mwekundu wa Fundi Saa

Habari ya kwamba Kitwana fundi saa ana mwanamke kule Mwankoko, nje ya mji, ilianzia mezani kwa Zabibu, pale sokoni, na anayemjua Zabibu hakushangaa. Zabibu aliuza vipodozi. Miaka ile mizigo ilikuwa imeanza kumiminika Singida, sabuni za kunukia, mafuta ya nywele, kanda za muziki, mitumba kwa marobota, na meza yake ilijaa mpaka vitu vingine vikaning'inia kwenye kamba. Lakini kilichomletea wateja ni mdomo wake. Ukinunua wanja kwa Zabibu, unafungiwa na habari ya jirani yako bure.

Kitwana alipokuja mara ya kwanza kununua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, Zabibu alijizuia. Mtu ana dada, mtu ana mama. Aliporudi akataka stokingi, Zabibu alimuuliza za ukubwa gani, naye akajibu bila kupepesa macho kwamba ukubwa wowote utafaa. Hapo Zabibu alikosa amani. Mwanamume anayenunua stokingi asijali zitamtosha nani! Wiki iliyofuata akataka kikoleo cha kung'olea nyusi, na alipokuwa akikijaribu, kukibana na kukiachia karibu na jicho kama anavyofanya na vyuma vya saa, Zabibu akaona kwa macho yake mawili: ukucha wa dole gumba la kushoto umepakwa rangi ile ile nyekundu. Mmoja tu. Nyingine tupu.

Kufikia Ijumaa mwanamke huyo alikuwa amekwisha kupewa nyumba. Ni Mwankoko, watu walisema, maana kila Jumapili baada ya Adhuhuri fundi huonekana kwenye baiskeli akielekea huko, kifurushi kimefungwa kwenye keria kwa uangalifu kama mayai. Kufikia Jumamosi asubuhi alikuwa amepewa na umbo, mnene wa wastani, na watoto wawili wa mume wa kwanza. Ukucha ule ulikuwa utani wa wapenzi: yeye humpaka mwanamke, mwanamke naye humpaka yeye mmoja, wakacheka.

Radhia aliisikia akiwa dukani kwa baba yake, amesimama katikati ya makopo ya rangi, na mteja aliyemletea hakujua anaongea na nani. Au alijua sana.

Maana barua ya posa ya Kitwana ilikuwa nyumbani kwao wiki ya pili sasa. Ilikuwa ndani ya bahasha ya waridi, imekunjwa kwenye kitambaa cheupe, imewekwa kabatini chini ya sahani za wageni. Jumatatu baada ya Alasiri mshenga angekuja kuchukua jibu.

Radhia alimtazama yule mteja, akampimia misumari yake, akamrudishia chenji sawasawa. Kisha akaingia stoo, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akaangalia saa yake ya mkononi bila kuona inasema nini.

Saa ile ndiyo iliyowaleta karibu. Kwanza Kitwana alikuja dukani kuuliza kama anaweza kuuziwa rangi ya mafuta ya kijani, lakini kidogo, ya kujaa kifuniko cha soda. Radhia alicheka mpaka akashika kaunta. Duka zima linauza kwa galoni na robo galoni, huyu anataka kifuniko. Alipomuuliza anapaka nyumba ya nani, ya sisimizi, Kitwana alitabasamu akasema ni ya nyuso za saa za ukutani, watu wanapenda ziwe na rangi. Radhia akamchotea bure. Wiki iliyofuata ikawa rangi ya samawati. Kisha ya kahawia. Naye Radhia, ambaye hakuwahi kuwa na shida na saa yake, akaanza kuipeleka kibandani kwake karibu na stendi, mara inachelewa, mara imesimama. Alikuwa akikaa kwenye benchi fupi akimtazama anavyoifungua, lile lenzi jeusi limekaa jichoni, vidole vyake virefu havitetemeki hata kidogo. Mikono ya namna hiyo, aliwaza, ikishika kitu haitakivunja.

Sasa mikono hiyo hiyo inasemwa inampaka mwingine kucha. Na alikuwa ameuona ukucha ule mwenyewe. Alhamisi iliyopita Kitwana alikuja dukani mkono wa kushoto uko mfukoni tangu anaingia mpaka anatoka. Kopo lilipogoma kufunguka ndipo alipoutoa, mara moja tu, na Radhia akaona wekundu ukipita kama kidonda. Alitaka kuuliza. Hakuuliza. Aliogopa jibu.

Jumamosi jioni shangazi Mwanvua aliingia sebuleni kwa kaka yake, Mzee Mansuri, akavua viatu, akakaa. Mwanvua ndiye aliyemlea Radhia tangu mama yake alipofariki, na ndiye mpambaji wa maharusi aliyetafutwa kuliko wote Singida Mjini. Hina yake ilikuwa haina mpinzani. Nyumba yake haikuwahi kukosa wanawake wanne watano wamenyoosha miguu, na hivyo hakuna habari iliyopita Singida bila kupitia miguuni pale. Katika jambo la posa, neno la shangazi ndilo linaloamua. Mzee Mansuri asingejibu barua bila neno lake.

Mzee aliuliza kama ni kweli. Mwanvua akasema yeye hasemi kweli wala si kweli, yeye atakwenda kuona.

"Kesho ni Jumapili," alisema. "Kesho ndiyo siku yake ya kwenda huko. Nitakwenda na Radhia."

"Radhia wa nini?"

"Ili asije kuniambia mimi ndiye niliyemharibia."

Mzee Mansuri alizungusha tasbihi yake. Akasema mshenga anakuja keshokutwa, na akija lazima akute neno moja, ndiyo au hapana, maana yeye si mtu wa kuweka barua ya watu kabatini kama sahani.

Jumapili Mwanvua na Radhia waliondoka saa nane mchana kwa miguu, wamejifunga kanga usoni kwa sababu ya upepo. Upepo wa Singida mwezi ule hauna adabu: unachukua vumbi la barabara, unalipeleka ziwani, unalirudisha. Njia nzima shangazi alikuwa akihesabu makosa ya wanaume wa aina hii, wapole, wanaoongea taratibu, ndio wabaya kuliko wote, na Radhia akifuata nyuma. Walipoyapita mawe makubwa yaliyo njiani na kuanza kuona nyumba za Mwankoko, alisimama.

"Shangazi, turudi."

"Kwa nini?"

"Nikishaona, siwezi kutoona tena."

Mwanvua alimgeukia. Hakuwa mwanamke wa huruma ya maneno, lakini alimfunga vizuri upande wa kanga uliokuwa unapeperuka. "Afadhali uone leo kwa macho yako mwenyewe, mwanangu, kuliko uone siku una mtoto mgongoni. Twende."

Haikuwa kazi kuipata nyumba. Baiskeli ya Kitwana ilikuwa imeegemezwa ukutani, ile yenye kengele mbili. Nyumba yenyewe ya tofali za kuchoma, bati jipya, ua umefagiliwa. Lakini madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Saa tisa mchana, joto la kuokea mkate, na mbao za madirisha zimebanwa. Chini ya mlango kulikuwa kumesokomezwa kanga mbichi, imelowa maji, na kibarazani kumenyunyizwa maji kana kwamba kuna mtu anatarajiwa. Ndani hakuna redio, hakuna sauti. Kimya kabisa.

Shangazi alimwangalia Radhia. Uso wake ulikuwa umekwisha sema.

Radhia aliitazama ile kanga. Ilikuwa na maua makubwa ya njano, kanga ya mwanamke mtu mzima.

"Hodi," shangazi alipiga, kwa kiganja.

Ndani kiti kiliburuzwa. Mtu akanong'ona. Kitu chepesi kikaanguka, mtu mwingine akakiokota. Mlango haukufunguliwa, ila akatokea mwanamke kutoka nyuma ya nyumba, unga umemjaa mpaka viwiko, chekeche mkononi. Mwanvua akamwangalia kutoka juu mpaka chini. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, jino moja la mbele halipo, amefunga kitambaa cha kwaya kichwani.

"Ni wewe?" shangazi akauliza.

"Ni mimi nani?" mwanamke akauliza naye.

Ikabidi wasalimiane kwanza. Akasema yeye ni Cecilia, hii ni nyumba ya mume wake, Lazaro, na kama wanawatafuta wanaume basi wako ndani na madude yao tangu watoke kanisani na msikitini. Wakitaka kuingia waingie upesi na wafunge nyuma yao, maana vumbi likiingia yeye ndiye atakayesikia makelele wiki nzima. Na wawaambie chai ilipoa zamani. Akasogeza kanga kwa mguu, akasukuma mlango, akawaingiza kama anavyoingiza kuku, akafunga.

Radhia alichelewa kuona vizuri. Karabai lilikuwa linawaka mchana kweupe, juu ya meza iliyotandikwa magazeti, na wanaume wanne walikuwa wameizunguka wamesimama wima kama wanafunzi waliofumwa. Kitwana alikuwa wa nne. Lenzi bado liko jichoni, jasho linamtiririka, mikono yote miwili iko nyuma.

"Yuko wapi?" shangazi aliuliza.

"Nani, mama?" alijibu mwenye nyumba, mzee mwembamba mwenye mvi.

"Mwanamke."

Lazaro alimtazama mwenzake wa kulia. Wa kulia, Mwalimu Fabiano, akamtazama Godfrey wa mitumba. Godfrey akaanza kucheka, akajiziba. Mwanvua alivuka chumba, akafunua pazia la chumbani, akaona kitanda, akaona viatu vya Cecilia vya kanisani, akalirudisha pazia.

Lakini Radhia alikuwa ameanza kuona meza. Kopo la rangi ya kijani, aliyoichota yeye. Kifuniko cha soda chenye samawati yake. Na juu ya kopo jingine, imevutwa na kufungwa kwa mpira, stokingi. Ile stokingi ya ukubwa wowote. Rangi ilikuwa inachujika humo tone kwa tone, na mabonge yanabaki juu. Kikoleo cha nyusi kilikuwa kimebana kigurudumu kidogo kama punje ya mtama. Chupa ya rangi ya kucha ilikuwa wazi, brashi yake imelala kwenye kisosi. Akainua macho. Kwenye boriti zilikuwa zinaning'inia ndege tatu za kivita, kila moja urefu wa kiganja, zina mabawa, zina mkia, zina vioo, zimening'inizwa kwa uzi mwembamba usioonekana, zinageuka taratibu kwa joto la karabai kama zinatafuta pa kutua.

"Toa mikono," shangazi alimwambia Kitwana.

Kitwana hakutoa.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

"Marahaba. Toa mikono."

Akaitoa. Katika mkono wa kulia alikuwa ameshika ndege ya nne, mbichi, ambayo aliificha kwa haraka kwa kosa ambalo kila mmoja mezani alikuwa amewahi kulifanya: dole gumba lake lilikuwa limezama ubavuni, kwenye rangi ambayo haijakauka, na alipoliinua likaacha alama kubwa ya kidole kuanzia bawa mpaka kwenye kioo cha rubani. Mwalimu Fabiano alifumba macho kwa uchungu. Wiki tatu za kazi.

Na mkono wa kushoto ulikuwa na ule ukucha. Kwa karibu haukuwa mwekundu tu. Ulikuwa na mstari wa kijani, na chembe ya kahawia, na wekundu juu yake.

Lazaro ndiye aliyeeleza, kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya baraza. Yeye alikuwa fundi wa ndege jeshini mpaka alipostaafu. Godfrey alikuta maboksi ya ndege hizi za plastiki, za kuunganisha kipande kwa kipande, ndani ya robota la midoli ya mitumba, vipande vingine havipo, akamletea kwa utani. Vilivyokosekana wanavitengeneza: kioo wanakipasha moto kutoka kasha la kanda ya muziki, uzi wa antena wanauchomoa kwenye stokingi. Rangi hawaipaki mpaka waijaribu kwanza kwenye ukucha, kwa sababu ukucha ni laini kama plastiki. Ikishika pale na huku itashika. Nyekundu ni ya taa ya bawa la kushoto. Hakuna rangi nyekundu inayong'aa kama ile ya Zabibu.

Radhia alivuta kiti bila kukaribishwa, akakaa. Hakulia, ila pumzi iliyomtoka ilikuwa ndefu, kana kwamba alikuwa ameishika tangu Ijumaa. Hakuna mwanamke. Hakuna watoto wawili. Kulikuwa na stokingi juu ya kopo. Angeweza kucheka, na alifungua kinywa kucheka, lakini kilichotoka ni kingine.

"Uliniambia ni nyuso za saa."

Kitwana alivua lenzi. Bila lenzi alionekana mdogo. Wale wengine watatu ghafla wakawa na kazi nyingi sana: mmoja anakoroga, mmoja anafuta brashi iliyokwisha futwa.

"Ndiyo, nilikuambia hivyo."

"Mwaka mzima. Nakuchotea rangi, nakuchanganyia mwenyewe, samawati ile nilikaa nayo asubuhi nzima mpaka ikakubali. Nikidhani iko kwenye saa za watu. Ulishindwa nini kusema?"

"Nilishawahi kusema," Kitwana alisema. "Mara moja. Kabla yako nilipeleka barua ya posa Sepuka. Wakaja kwangu kunitazama, wakakuta ndege moja iko dirishani, nikawaeleza kwa furaha kabisa. Baba yake binti aliishika, akaipeperusha hivi, akafanya na mlio kwa mdomo. Wakacheka wote. Akaniambia nikimaliza utoto nirudi." Alikuwa anaongea huku anaangalia ile alama ya kidole. "Kwa yule sikuumia sana. Ila wewe ungecheka, nisingejua nifanye nini."

"Kwa hiyo ukaniacha nisikie sokoni kwamba una mke."

"Sikujua wanasema hivyo. Wallahi, Radhia. Mimi nilificha kidole nisichekwe, sikujua ninakuumiza."

"Siku tatu sijala."

Alisema kwa sauti ndogo, na hakupanga kulisema. Kitwana akasogea hatua moja, akakumbuka shangazi, akasimama pale pale. Lakini macho hayakusimama. Walitazamana juu ya makopo na magazeti kama watu waliokuwa kando mbili za mto na wameona pa kuvukia.

"Niseme na jingine?" Kitwana akauliza.

"Kuna jingine tena?"

"Saa yako. Nimeifungua mara kumi na moja. Mara ya kwanza nilisafisha vumbi. Mara kumi zilizobaki haikuwa na ugonjwa wowote. Kuna mtu alikuwa anairudisha mshale nyuma."

Radhia alihisi uso ukimwaka mpaka masikioni. Mwalimu Fabiano akakohoa kikohozi kisicho na kifua.

"Ulijua?"

"Ningekuwa fundi gani nisijue?"

"Na hukuniuliza."

"Nikikuuliza si usingekuja tena."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka ameziba uso kwa kanga, mabega yanatikisika, na Kitwana akacheka naye taratibu, kama mtu asiyeamini kwamba ameruhusiwa.

Aliyekuwa hacheki ni Mwanvua. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, na jambo lilikuwa halijaisha. Alisema yote hayo ameyasikia. Lakini mwanamume wa miaka thelathini, mwenye kibanda na heshima mjini, kujifungia ndani na wazee, wanachezea vidude vya watoto!

"Afadhali ningemkuta na mwanamke," alisema. "Hilo ningejua la kumwambia kaka yangu. Hili nitaanzia wapi?"

Kicheko kikakatika. Radhia alishusha kanga usoni, akamtazama shangazi yake. Mshenga kesho. Neno moja.

Lazaro, kwa kukosa la kufanya, alichukua ile ndege iliyoharibika, akafuta alama kwa kitambaa chenye tina ya kuondolea rangi, akaanza kuichora upya mistari myembamba ya fremu kwenye kioo cha rubani. Mkono wake ulikuwa na miaka sitini na mitatu. Mstari wa kwanza ulitetemeka. Akafuta. Wa pili ukatetemeka zaidi.

Mwanvua alikuwa anatazama. Mtu aliyetumia maisha yake kuchora maua kwenye nyayo za watu hawezi kuvumilia mstari wa namna ile. Aliuvumilia wa tatu. Wa nne ukamshinda.

"Lete," akasema.

"Mama, hii ni..."

"Lete hapa. Na hilo librashi weka kando, hakuna kijiti?"

Akachongewa njiti ya kiberiti. Akakaa, akajifunga kanga kiunoni, akaishika ile ndege kama anavyoshika mguu wa bi harusi, kwa upole lakini bila kuupa nafasi ya kucheza. Akachovya, akajaribu kwenye ukucha wake mwenyewe bila kuambiwa. Kisha akachora. Mstari mmoja, pumzi moja. Wa pili sambamba na wa kwanza. Hakuna aliyesogea. Cecilia aliyeingia na chai alisimama mlangoni na birika lake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyempigia kelele za vumbi.

Alipomaliza fremu akaigeuza ndege juu chini kukagua kama rangi haikumwagika, akaona tumbo. Juu ilikuwa ya kijani na kahawia, kama pori. Tumboni ilikuwa ya samawati, ile samawati aliyoihangaikia Radhia.

"Huku mbona mmebadilisha?"

Lazaro akamweleza kwamba ndiyo ilivyokuwa katika vita ya Hitla. Aliye juu akiitazama, anaona miti na udongo. Aliye chini akiinua macho, anaona mbingu. Unasikia mlio, lakini ndege huioni.

Mwanvua aliiinua ile ndege kwa mkono ulionyooka, juu ya kichwa chake, akaitazama kwa chini.

"Marehemu baba yetu alikwenda Burma kwenye vita hiyo," alisema. "Aliporudi akawa anatusimulia, kulikuwa na ndege zinapita juu yao, wanazisikia, hawazioni. Mpaka anakufa alikuwa anatuambia. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Kaka ndiye alikuwa anacheka kuliko wote, akisema mzee ameingiwa na jua." Akaishusha, akaiweka mezani juu ya gazeti, polepole. "Kumbe zilipakwa."

"Zilipakwa, mama," Lazaro alisema.

Chai ikanywewa. Ilikuwa imepoa kweli. Godfrey alisimulia robota lilivyofunguliwa, Cecilia akasimulia siku Lazaro alipokanyaga bawa moja akakataa kula, shangazi akasimulia bi harusi mmoja aliyelala na hina mbichi akaamka na ua la mguuni liko shavuni kwa mumewe, na nyumba iliyokuwa kimya ikawa na makelele ya harusi. Hakuna aliyewaangalia sana wale wawili upande wa meza. Kitwana alimsogezea Radhia ile chupa nyekundu na brashi.

"Taa ya kushoto bado," alisema. "Samawati ni yako, na taa iwe yako."

"Nikikosea?"

"Tutafuta, tutaanza tena. Jaribu kwanza."

Radhia alinyoosha dole gumba lake, akapaka.

Walirudi mjini jua linazama, upepo umetulia. Mzee Mansuri alikuwa amekaa kibarazani akiwasubiri, koti la msikitini bado mwilini. Radhia akamwamkia, kisha akakaa kwenye ngazi ya chini, mikono chini ya kanga. Shangazi alikuwa hajamwambia neno njia nzima.

"Haya," mzee alisema. "Mmemkuta?"

"Tumemkuta."

"Kulikuwa na mwanamke?"

"Watatu," Mwanvua alisema, akivua viatu. "Mmoja anachekecha unga. Mwingine mimi. Mwingine mwanao."

Mwanvua akamwambia yote, tangu kanga ya mlangoni mpaka stokingi, na alipofika kwenye tumbo la ndege hakuharakisha. Alimwambia lilivyopakwa, na sababu yake. Alimwambia amelitazama kwa macho yake akiwa chini, na kweli linapotea.

Tasbihi ya Mzee Mansuri ilisimama.

"Burma," alisema.

"Burma, kaka. Na tulimcheka."

Adhana ya Magharibi ilianza. Mzee alinyanyuka, akavaa makubadhi, akatazama juu kidogo, mbingu imeanza kuwa nzito, kama anatafuta kitu alichoambiwa zamani kiko pale. Akasema mshenga akija kesho aandaliwe chakula, asipewe maji matupu. Na huyo kijana aambiwe akipata nafasi aje na hizo ndege moja mbili, azione. Akashuka ngazi. Akiwa amempita Radhia alisimama, akainama, akamshika mkono wa kushoto uliokuwa umetoka chini ya kanga bila mwenyewe kujua.

Dole gumba lilikuwa jekundu. Moja tu.

"Na hiki?"

"Ni taa, baba," Radhia alisema. "Ya bawa la kushoto."

Mzee aliutazama ule ukucha, akaugeuza kwenye mwanga uliobaki, kama mtu anayekagua rangi ya duka lake.

"Imeshika vizuri," akasema, akaenda kuswali.